Mashine ya kwanza ya kuchomelea: inveta mpya ya Kariakoo au koili ya mzee?

#1 KijanaWaChanika
Wakuu, habari za saa hizi.

Nimemaliza miezi minne kwa fundi mageti hapa Chanika. Kufagia nimefagia, kushika mwisho wa paipu nimeshika, ila kuchomelea kwa mkono wangu labda siku kumi zote nikijumlisha. Sasa nina laki nne na nusu, na mama kanipa uwanja nyuma ya nyumba. Nataka mashine yangu nipige kazi ndogondogo: viti, grili za madirisha, stendi za ndoo, kuunga toroli zilizokatika.

Kuna inveta mpya Kariakoo, ile mashine ndogo ya kielektroniki, imeandikwa MMA-300, laki mbili na ishirini na waya zake. Na kuna mzee anaacha kazi, anauza koili yake, ile mashine nzito ya waya wa kusukwa, ya kukaa kwenye oili, laki nne. Anasema kainunua binti yake akiwa chekechea, na binti sasa ana watoto wawili.

Kinachonitia hofu ni jirani. Alinunua inveta kama hiyohiyo, ikafa ndani ya wiki tatu. Ilitoa harufu tu, ikanyamaza. Muuzaji kamwambia waranti haihusu kuungua.

Nichukue ipi? Na ya jirani iliuawa na nini?

#2 fundi_nondo
Koili. Uzi ufungwe.

#3 Bi_Vyuma
Hahaha #2, hujaulizwa dini yako.

Kijana, kabla ya mashine nijibu matatu: umeme wa kwa mama ukoje, kutoka kwenye soketi hadi uwanjani ni hatua ngapi, na chuma utakachokishika sana kina unene gani. Nina karakana Kihonda, Morogoro, mwaka wa sita huu. Wengi wanaokuja kwangu kulia mashine mbovu, nikiichomeka kwangu inapiga kazi. Ubovu wameuacha ukutani kwao.

#4 MzeeWaGrili
Niko na #2 ila mimi nina sababu. Nimeanza na koili Manzese, 1998. Ndani yake kuna nini cha kuharibika? Waya, chuma na oili. Yangu imenyeshewa, imeanguka kwenye mkokoteni, imekaliwa na wateja. Ikichoka unaifungua, unasuka upya, maisha yanaendelea. Hizi za siku hizi ni redio zilizofungwa kishikio cha rodi.

Kasoro yake moja tu, kuibeba. Tunaibeba watu wawili na tunaombeana.

#5 SautiYaMtaa
Kasoro moja, mzee? Na majirani je? Kwetu fundi akiwasha koili taa zinapepesa hadi msikitini. Tunajua amepata oda kabla mkewe hajajua.

#6 DaktariWaBodi
Natengeneza bodi za inveta Gongo la Mboto, kwa hiyo nina maslahi, mjue mapema.

Kwanza hiyo "300". Hilo ni jina la mashine, kama mtu kuitwa Tajiri. Fuateni hesabu. Kwa kuchomelea na rodi, volti za kwenye moto hukadiriwa hivi: 20 jumlisha 0.04 mara ampea. Ampea 300 zinataka volti 32. Zidisha, unapata wati 9,600 zinazotoka. Mashine nayo inakula chake, tuseme inafikisha asilimia 85, kwa hiyo ukutani inavuta zaidi ya wati 11,000. Gawa kwa 230: karibu ampea 49. Sasa angalia waya wake wa umeme, mwembamba kama wa pasi, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13. Hizo 49 zinapita wapi?

Rudi kinyumenyume. Plagi ya 13, bila kudanganyana, inakupa kwenye rodi kama ampea 75 hadi 105 kutegemea ubora wa mashine. Na habari njema ni kwamba rodi ya milimita 2.5 inataka ampea 60 hadi 90. Kazi zako zote ulizotaja zinaisha hapo.

Kwa hiyo usitazame namba kubwa ya mbele. Geuza mashine, soma kibati cha nyuma. Tafuta I1max na I1eff, ndizo ampea inazovuta ukutani. Tafuta X, ile asilimia. X 60% kwenye ampea 120 maana yake ndani ya dakika 10 unachomelea 6, unaiacha ipumue 4. Kama kibati hakina maandishi hayo kabisa, nawe umeshapata jibu.

#7 fundi_nondo
#6 kaandika mtihani wa VETA. Kijana anataka kuunga toroli.

#8 KijanaWaChanika
#6 asante sana mkuu, nimeisoma mara tatu. Nikienda tena Kariakoo nitageuza.

#3 dada, skwea paipu ndiyo nyingi, zile nyembamba za inchi moja. Kutoka soketi ya sebuleni hadi uwanjani natumia ekstensheni ya mita 30. Volti sijui, nitaazima multimita.

#9 Mwana_Kamukunji
Salamu kutoka Nairobi. Kwetu jua kali wanazisuka wenyewe hizo koili, kwa hivyo swali langu kwa huyo mzee wa laki nne ni moja: ni shaba ama ni alumini? Waya wa alumini huwa umepakwa vanishi ya rangi ileile, kwa macho huwezi kujua. Omba ruhusa ukwaruze ncha na kisu. Ikitoka nyekundu ni shaba. Ikitoka nyeupe, umeuziwa sufuria. Shaba pia ni nzito kuliko alumini ya ukubwa huohuo, so mkiibeba wawili na mkahema, hiyo ni dalili njema.

Na stima? Tokeni zitaisha ukitazama.

#10 MzeeWaGrili
#9 umesema kweli kuhusu alumini, nilisahau kumwambia.

Ila hiyo ya umeme inakuzwa. Nimelipa LUKU kwa koili miaka yote na watoto wamesoma.

#11 TarakimuTu
Hapo #9 na #10 wote mna haki, kila mtu anapima kitu chake.

Koili ya volti 80 ikiwa haijagusa chuma, ukichomelea kwa ampea 100, inavuta ukutani karibu ampea 35 (80 mara 100, gawa 230). Ndiyo maana taa za #5 zinapepesa na sakiti breka inaruka. Lakini sehemu kubwa ya mkondo huo haifanyi kazi, unakwenda na kurudi, na mita ya nyumbani inahesabu kilowati zilizofanya kazi. Kwa hiyo waya wa nyumba unaumia kuliko mfuko.

Inveta kwenye rodi ya 2.5, ampea 80, inakula kama kilowati 2.2 moto ukiwaka. Rodi moja inaisha kwa takriban dakika moja. Rodi 30 ni nusu saa ya moto, uniti moja na kidogo. Koili itazidi hapo, na ikikaa imewashwa bila kazi inaendelea kuramba. Zima ukienda kunywa chai.

#12 Bi_Vyuma
Na kama mama yuko kwenye ile tarifa ya chini ya nyumbani, ukivuka uniti 75 kwa mwezi unaweza kumtoa humo. Mwambie kabla, asije akagundua kwenye risiti ukala wewe makofi.

#13 SautiYaMtaa
Hili la mama ndilo la maana kuliko yote humu.

#14 Pwani_Mchanga
Kuhusu kifo cha inveta ya jirani. Mimi niko Unguja, natengeneza vyuma vya maboti. Huku zinakufa kwa hewa ya chumvi tu. Ukiifungua unakuta bodi imeota kijani. Chanika hakuna bahari lakini unyevunyevu upo. Alikuwa anailaza wapi?

#15 KijanaWaChanika
Chini ya mwembe, kaifunika na turubai.

#16 fundi_nondo
Marehemu alilala nje, halafu mnatafuta mchawi.

#17 DaktariWaBodi
Unyevu unaua polepole, #14. Wiki tatu ni mapema mno. Ninaowapokea mezani kwangu wanakufa kwa volti ndogo. Koili ikipata volti 180 inatoa moto dhaifu, basi. Inveta yenyewe ni mbishi, inajitahidi kutoa ampea ulizoiwekea, kwa hiyo volti zikishuka inavuta mkondo mwingi zaidi ukutani kufidia. Transista zinachemka, fani inazunguka uvivu, kwaheri.

#18 Kigoma_Inverta
#17 nakataa kidogo. Inveta ya maana ina kinga, volti zikishuka sana inawasha taa ya njano inagoma. Yangu ya Ingco inafanya hivyo, jioni za huku nimeshaizoea ile taa kama jirani. Mimi nadhani ni vumbi la grinda. Watu wanaweka inveta sakafuni, wanasaga chuma nusu mita pembeni, fani inavuta unga wote wa chuma ndani. Unga wa chuma juu ya bodi yenye umeme, unategemea nini?

#19 DaktariWaBodi
Kinga ipo kwenye zile zilizowekewa. Za laki mbili na ishirini mara nyingi nafungua nakuta nafasi yake kwenye bodi, matundu yapo, kipuli chenyewe hawakufunga. La vumbi nakubali nusu.

#20 MzeeWaGrili
Mimi nasema alichomelea bila kupumzisha. Kijana mwenye mashine mpya ni kama mwenye pikipiki mpya.

#21 KijanaWaChanika
Nimerudi na multimita. Mchana sebuleni 221. Saa moja na nusu usiku 184. Nikaenda mwisho wa ekstensheni, bila mzigo inasoma hivyohivyo.

#22 TarakimuTu
Bila mzigo lazima isome hivyohivyo. Waya wa ekstensheni una ukubwa gani? Kama ni wa milimita 1.5, mita 30 kwenda na 30 kurudi ni karibu omu 0.73. Inveta ikivuta ampea 18 unapoteza volti 13 njiani. Kwa hiyo usiku mashine inapata 171. Ungekuwa na waya wa 2.5 ungepoteza 8. Na usichomelee ekstensheni ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake, inajipika yenyewe. Ifungue yote ardhini hata kama kazi iko mlangoni.

#23 Bi_Vyuma
Ndiyo maana niliuliza hatua. Kijana, fanya kazi mchana, mlipe fundi umeme akuvutie soketi ya uwanjani kwa waya wa milimita 4 na sakiti breka yake kutoka kwenye bodi ya nyumba. Hiyo pesa itoe kwenye laki nne na nusu kabla hujanunua mashine. Ukimpa mzee laki nne, elfu hamsini iliyobaki haikununulii hata grinda, na bila grinda wewe ni mtu mwenye cheche tu.

#24 Mwana_Kamukunji
Umeona sasa. Wanaoanza hununua mashine wakasahau grinda, diski, brashi ya waya, klampu, skwea, glavu.

#25 Nesi_wa_Zamu
Na kofia. Mnaongea transista kurasa mbili, macho hakuna aliyeyataja. Napokea vijana saa saba usiku wanasema macho yana mchanga, machozi yanatiririka, hawawezi kutazama taa. Walichomelea mchana na miwani ya jua. Miwani ya jua si kitu. Kwa ampea zenu hizo mnahitaji kioo namba 10 au 11, na uso mzima ufunikwe, ngozi nayo inaungua. Kwa kawaida yanatulia ndani ya siku moja au mbili, lakini njoo upimwe, na msiweke vitu vya jikoni machoni.

#26 fundi_nondo
Viazi vinasaidia lakini.

#27 Nesi_wa_Zamu
Viazi vipike.

#28 SautiYaMtaa
Na maziwa je? Fundi wa kwetu hachomelei bila pakiti mbili za maziwa. Anasema yanasafisha kifua.

#29 Nesi_wa_Zamu
Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni, hawakutani. Ukichomelea paipu la maji lile la zinki, ule moshi mweupe usiku unakupa baridi na homa kama malaria, kesho imeondoka. Saga zinki kwanza, chomelea upande upepo unakotoka, usijifungie chumbani.

#30 MzeeWaGrili
Kumbe ile ndiyo hiyo. Nimemeza dawa za malaria bure miaka mingapi.

#31 Kigoma_Inverta
Turudi kwenye skwea paipu. Kijana, hizo nyembamba ukuta wake hauzidi milimita moja na kidogo. Koili nyingi za kienyeji zinapanda kwa vituo: toboa hiki, chomeka kile. Kituo cha kwanza hakishiki, cha pili kinatoboa. Inveta unazungusha kitufe taratibu hadi 50, unaweka rodi ya 2.0, unapiga vidoadoa, unaacha ipoe, unaendelea. Kwa anayeanza na paipu nyembamba mimi sioni mjadala.

#32 MzeeWaGrili
Mjadala upo. Sisi tulijifunza kwa koili kwenye paipu hizohizo na rodi ya 2.5. Ukikuta uwazi, unapiga rodi moja kwenye jiwe hadi unga wake umwagike, unaulaza ule waya mtupu kwenye uwazi kama uzi, unachomelea juu yake. Mkono ndio unaotoboa, si mashine.

#33 Bi_Vyuma
Hiyo ya kulaza waya naitumia hadi leo, shikamoo mzee. Lakini mkono wako una miaka zaidi ya ishirini na wake una siku kumi.

#34 MzeeWaGrili
Marahaba. Hapo umenishika.

#35 Maskati_Fundi
Niko Maskati, karakana ya watu, umeme wa njia tatu, mashine kubwa za waya wa rola. Msimshauri kijana anunue ya waya na mtungi wa gesi, nimeona kuna nyuzi watu wanafanya hivyo. Ni tamu kuliko zote kujifunza, mtoto anaweza. Lakini uwanjani upepo unapeperusha gesi, chomeleo linatoka na vitundu kama andazi, na kujaza mtungi ni safari. Rodi 6013 haijali upepo wala kutu kidogo. Baki nayo. 7018 iache mpaka upate kazi ya vyuma vinene, na hiyo isikae wazi, ikinyonya unyevu haifai.

#36 fundi_nondo
7018 kwenye koili inadunda tu, haishiki.

#37 Kigoma_Inverta
Kwa sababu koili inatoa umeme wa kwenda na kurudi, na 7018 inatulia zaidi kwenye wa upande mmoja. Inveta inatoa wa upande mmoja. Goli jingine kwetu.

#38 KijanaWaChanika
Wakuu, mrejesho.

Moja, mzee kashauza koili. Imechukuliwa na mtu wa Pugu juzi, walikuja watatu kuibeba.

Mbili, nilirudi Kariakoo nikageuza ile MMA-300. Kibati kina jina, rangi mbili, na neno "nguvu" kwa Kichina (kaniambia muuzaji, mimi sikisomi). I1 yoyote hakuna. Nikamuuliza X iko wapi akaniuliza mimi ni mkaguzi?

Tatu, nimenunua grinda, kofia ya namba 11, na waya wa milimita 4. Inveta nakodi kwa siku kwa jamaa wa stendi, jana nimeunga toroli mbili na kiti. Kiti kinacheza kidogo.

#39 Nesi_wa_Zamu
Kofia! Mungu akubariki mwanangu.

#40 Bi_Vyuma
Kiti kikicheza ulikaza upande mmoja ukaumaliza, chuma kikavuta. Piga taki (vidoa vidogo vya kushikilia) kwanza pembe zote nne, pima kona kwa kona kwa kamba, ndipo umalizie.

#41 DaktariWaBodi
Kijana aliniletea maiti ya jirani leo asubuhi, nimeifungua mbele yake. Ripoti:

Fani imejaa unga mweusi wa grinda, haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole. Transista mbili za upande mmoja zimepasuka. Nafasi ya kinga ya volti, matundu matupu kama nilivyosema. Pembeni mwa bodi kutu ya kijani. Na katikati, amelala kwenye miguu ya transista zilizopasuka, mjusi mkavu.

#42 Kigoma_Inverta
Vumbi. Nilisema.

#43 Pwani_Mchanga
Kijani, umesoma kijani hapo?

#44 DaktariWaBodi
Someni "matundu matupu". Volti.

#45 MzeeWaGrili
Hakuipumzisha. Fani haizunguki na yeye anaendelea kuchomelea. Na koili haina pa mjusi kuingia, atazama kwenye oili.

#46 TarakimuTu
Mjusi aliingia kabla transista hazijapasuka au baada? Alifuata joto au alisababisha?

#47 KijanaWaChanika
Jirani kaulizwa, anasema mjusi huyo hamjui.